Neno Halipiti Ila kwa Fuko

Fundi Shemhilu alikuwa amepanda minara ya simu kuanzia Tunduru hadi Kasulu, akavuka mpaka akapanda mingine huko Lubumbashi, na kote huko hakuwahi kuanguka. Siku aliyoanguka alikuwa amekaa chini.

Ilikuwa adhuhuri, kando ya mtaro wa kulazia mkongo wa mawasiliano. Wachimbaji walikuwa wamepumzika, majembe yamelala, na Fundi alikuwa amekalia jiwe akiwaeleza kwa nini amerudi kazini amekonda.

"Jamani, wali wa mkwe wangu! Punje zimeshikana mikono kama watoto wa chekechea wanavuka barabara. Ukivuta moja, darasa zima linakuja."

Watu wakacheka. Naye akafurahi, akapandisha mikono ya shati, akapaza sauti ya kufungulia ngano:

"Hadithi inaita!"

Kabla mtu hajafungua mdomo, mfuko wa nyuma wa suruali yake ukajibu:

"Nimepokea zamani, mkwe wangu. Tangu kwenye wali."

Fundi akaruka kama aliyekalia siafu. Akaichomoa simu. Kumbe alikuwa ameikalia, nayo ikapiga yenyewe, na ilikuwa hewani kwa dakika kumi na mbili. Miaka ishirini na sita ya kuunganisha watu wa nchi mbili, halafu unakuja kuunganishwa na makalio yako mwenyewe.

"Shikamoo mama," akasema, huku amepiga goti mbele ya simu.

"Marahaba. Ya wali tutaongea ukija. Endelea na ngano, simu umepiga wewe."

Nani anamkatia simu mkwewe? Fundi akaiweka juu ya mfuko wa saruji, sauti wazi, akaanza upya kwa adabu ya mtu aliyetubu.

"Hadithi inaita!"

"Pokea!"

"Bado inaita!"

"Ipokee, tuisikie!"

"Haloo, haloo, zamani za kale iko hewani!"

"Iongee!"

Ndipo akasimulia.

Hapo kale, kabla ya minara, kabla ya vocha, katika msitu wa Kwemvumo kila mnyama alijipelekea maneno yake mwenyewe. Nyani alibweka. Kanga alipiga kelele. Pimbi alilia juu ya jabali. Aliye mbali akisikia, alijibu. Asiposikia, aliitwa tena. Zogo lilikuwa kubwa, lakini hakuna aliyekufa kwa kukosa habari.

Siku moja akaja Bwana Tembo. Ndi! Ndi! Ndi! Akapanda kilima kilicho katikati ya msitu, akakaa. Puu! Majani ya miti yakadondoka yenyewe.

"Ninyi mna midomo," akasema. "Mimi nina mkonga. Mdomo unafika kichakani, mkonga unafika ng'ambo. Kila mwenye neno aje aninong'oneze hapa puani, mimi nitafikisha."

Wakajaribu. Mnyama ananong'ona, Tembo anavuta pumzi, fyooo! Anageukia ng'ambo, anapuliza, puuuuu! Neno limefika. Na wa ng'ambo akijibu, masikio ya Tembo, mapana kama madishi mawili, yanadaka jibu.

"Bwana mkubwa, tutakulipa nini?" wakauliza.

"Kulipa? Bure! Siku saba bure!"

Jamani, msilisikie neno bure. Mimi mwenyewe huko Lubumbashi nilipewa kofia ya bure, nikarudi nyumbani na katoni tisa za sabuni ya kufulia mazulia. Sina zulia hata moja.

Basi, siku saba wanyama wakanong'ona usiku na mchana. Nyani akasahau kubweka. Kanga akasahau kupiga kelele. Pimbi akapanda jabalini, akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Siku ya nane Tembo akajilamba.

"Kuanzia leo ni vifurushi. Kiazi kimoja, neno moja. Unafunga viazi vyako kwenye jani, unaleta. Kupokea jibu ni bure, maana mimi nina huruma. Kasuku, wasomee."

Kasuku ndiye alikuwa msomaji wa masharti. Hakuwa na akili ya kutunga neno, lakini alilolisikia hakulisahau wala hakulibadilisha. Akavuta pumzi moja, akasoma kama tangazo la redio linalofukuzwa na mbwa:

"Neno-halipiti-ila-kwa-njia-aliyoitangaza-Tembo-neno-likishatoka-mkongani-halirudi-atakayeziba-njia-ya-neno-ahame-msitu-vigezo-na-masharti-kuzingatiwa-kwaa!"

Wanyama wakapiga makofi. Hakuna aliyeambulia kitu.

Ninyi nitawasomea polepole. La kwanza: neno halipiti ila kwa njia aliyoitangaza Tembo. La pili: neno likishatoka mkongani halirudi, yaani usije na malalamiko. La tatu: atakayeziba njia ya neno ahame msitu. Hilo la tatu Tembo aliliweka ili asipate wa kumbishia.

Basi vifurushi vikaja. Tembo akala. Tembo akanenepa. Tembo akataka tena. Ngiri akileta viazi vinne, Tembo anapeleka maneno matatu, anasema la nne limechukuliwa na upepo. Swala akileta viazi vitano jioni, asubuhi anaambiwa muda wa kifurushi umekwisha. Tembo akala. Tembo akanenepa. Tembo akataka tena.

Sasa chini ya kilima hicho aliishi Fuko. Mnamjua Fuko? Mdogo, wa kukaa kiganjani, macho kama mbegu mbili za ufuta na hayamfai kitu, lakini kucha zake ni majembe. Mama yake aliishi peke yake ng'ambo, chini kabisa ya bonde, katika shimo ambalo hakutaka kulihama kwa sababu ndimo alimoolewa.

Asubuhi moja Fuko aliamka akahisi ardhi inatetemeka tumboni mwake. Gu-gu-gu. Akaweka sikio chini. Gu-gu-gu. Haoni, lakini udongo haujawahi kumdanganya: mvua imepiga milimani, maji yanashuka kwa ndani, na kabla ya jua kuzama bonde lote litakuwa bwawa. Akaanza kutetemeka kuliko ardhi yenyewe.

Aende mwenyewe? Kwa juu ni mwendo wa siku nzima, na Mwewe yuko kazini. Akafagia ghala lake, akapata viazi vitatu. Akavifunga kwenye jani, akakimbia kilimani.

"Bwana mkubwa, maneno matatu. Maji yanakuja, hama."

Tembo akafungua jani, akanusa. "Viazi viwili vina funza."

"Lakini bwana mkubwa, umeshavimeza!"

"Ndiyo nikajua vina funza. Neno moja tu."

Kabla Fuko hajasema lipi, Tembo alishageukia ng'ambo. Puuuuu! "Mama Fuko! Maji!"

Mara masikio ya Tembo yakatikisika, jibu limeingia.

"Mama yako anasema: maji yapo mwanangu, nimeyateka ya baridi, njoo unywe."

"Masikini, mama wa watu!" ikasema simu juu ya mfuko wa saruji.

"Mama, tulia, bado," Fundi akasema.

Fuko akashika kichwa. Mama yake ameketi bondeni na kibuyu, anamngoja mtoto mwenye kiu!

"Bwana mkubwa, nakuomba. Malizia tu. Sema: yanakuja, hama. Maneno mawili."

"Leta kifurushi."

"Sina hata kimoja. Ni mama yangu!"

"Mama ni wako, mkonga ni wangu. Kasuku, msomee."

"Vigezo-na-masharti-kwaa!"

Fuko akaingia chini. Huko chini mababu zake walikuwa wamechimba handaki refu, limenyooka, laini kama koo, kutoka kilimani mpaka kwa mama yake sebuleni. Zamani ukisema upande huu, unasikika upande ule. Akapiga mbio humo gizani. Alipofika chini ya kilele, pwi! akagonga pua. Handaki limebanwa, limekuwa chapati, hatua kumi nzima. Na juu yake anasikia ngurumo ya tumbo lililojaa viazi. Akaelewa. Tembo alikuwa amelikalia.

Akaanza kuchimba. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Nani ananitekenya?" Tembo akanguruma kutoka juu. "Nani anachimba njia ambayo sikuitangaza? Nikikuona nakukanyaga, ndi!"

Fuko akaacha. Akakaa gizani, akasikiliza. Gu-gu-gu. Maji yamesogea. Akafikiri: kuchimba naweza. Lakini anapaswa ainuke, na njia yangu anapaswa aitangaze yeye, kwa pua yake mwenyewe. Na huyu hainuki kwa huruma. Hainuki kwa machozi. Huyu anaongozwa na tumbo.

Akajipangusa udongo, akatoka juu. Wanyama walikuwa wamepanga foleni na vifurushi vyao. Fuko akasimama mbele yao wote, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Bwana mkubwa, mimi ni mdogo, lakini naona aibu kwa niaba yako."

"Aibu ya nini?"

"Kifurushi! Mnyama wa ukubwa huu analipwa kifurushi! Ki-fu-ru-shi. Neno lenyewe dogo. Kifurushi hupewa mtoto anayekwenda shule. Kwetu chini, mkubwa halipwi kwa kifurushi."

"Hulipwa kwa nini?"

"Kwa fuko."

Tembo akasimamisha masikio. "Fuko?"

"Fuko zima. Limejaa mpaka shingoni. Ukilinyanyua, linakuvuta mkonga."

Mate yakaanza kumtoka Tembo, to, to, to. "Fuko," akasema. "Fuko... fuko..."

"Ewe msaliti!" Ngiri akafoka kutoka kwenye foleni. "Kifurushi tu kimetutoa mbavu, fuko zima tutalitoa wapi?"

Fuko akamkonyeza Ngiri atulie. Lakini kwa kuwa haoni, akalikonyeza jiwe. Ngiri akazidi kutukana.

"Litangaze sasa hivi, bwana mkubwa," Fuko akasema. "Kwa mkonga, wasikie mpaka ng'ambo. Na liwe fupi. Amri ya mkubwa ni fupi."

Tembo hakungoja. Akavuta pumzi, fyooooo! Akainua mkonga, puuuuuuu!

"Sikilizeni! Vifurushi vimefutwa! Kuanzia sasa, neno halipiti ila kwa fuko!"

"Neno halipiti ila kwa fuko!" Kasuku akarudia. "Limetangazwa! Kwaa!"

Foleni nzima ikanyong'onyea. Swala akaanza kulia. Ndipo chini kabisa, karibu na ukucha wa Tembo, mkono mdogo ukainuka.

"Naam. Nipo."

"Upo nini?" Tembo akauliza.

"Umesema neno halipiti ila kwa Fuko. Ndiye mimi. Baba yangu Fuko, babu yangu Fuko, hatujawahi kuwa kitu kingine. Ahsante kwa kazi, bwana mkubwa. Naanza sasa hivi."

Tembo akacheka. Halafu akaacha. "Nilisema fuko! Fuko la viazi!"

"Kasuku," Fuko akauliza, "alitaja viazi?"

Kasuku akainamisha kichwa upande, akakumbuka. "Neno halipiti ila kwa fuko. Mwisho wa tangazo. Kwaa!"

"Basi nalirudisha!"

Hapo akili ya Ngiri, ambayo hufika kwa miguu, ikamfikia. Akaruka juu. "Neno likishatoka mkongani halirudi!"

"Halirudi!" wakapokea wote. "Halirudi! Halirudi!"

"Na zaidi ya hapo, bwana mkubwa," Fuko akasema, na sauti sasa inamtetemeka, kwa maana gu-gu-gu ilikuwa miguuni pake, "njia yangu inapita chini ya makalio yako. Umeiziba. Kasuku, anayeziba njia ya neno hufanywaje?"

"Ahame msitu! Kwaa!"

Tembo akatazama kushoto. Nyati amesimama. Akatazama kulia. Viboko wawili wamesimama. Akatazama nyuma. Foleni nzima imesimama, na foleni ya wenye njaa ni ndefu.

"Inuka," wakamwambia. Hawakusema bwana mkubwa.

Tembo akainuka. Pwaaaat! Hakuwa ameinuka tangu siku ya bure. Chini yake nyasi zilikuwa nyeupe kama ndevu za babu.

Fuko hakungoja nyasi zipate hewa. Akaingia kichwa kichwa. Kwaru, kwaru, kwaru! Udongo unaruka. Kwaru, kwaru, kwaru! Ukucha ukakatika, akatumia mwingine. Hatua moja, tatu, saba. Kwaru, kwaru... fyuuu! Upepo wa baridi ukampiga usoni, una harufu ya nyumbani kwao. Njia imezibuka.

"Mama!"

"Abee! Nani?"

"Mimi, mama!"

"Mbona unasikika kama uko uvunguni? Umeshafika? Maji yako yanapata joto tu hapa."

"Mama, sikiliza. Maji yanakuja!"

"Yanakuja wapi, nimeshayateka mimi mwenyewe."

"Si ya kunywa, mama! Ya kuzama! Mafuriko! Hama!"

"Eh! Mafuriko! Na asubuhi yote hukusema?"

"Mama, pita humu humu handakini, kimbia!"

"Nakuja. Ngoja nichukue kanga."

"Acha kanga, mama!"

"Nimeshaichukua. Sasa ngoja nichukue..."

Hakumaliza. Kukasikika kishindo, gubuuu! Kisha maji, gu-gu-gu-gu. Kisha kimya.

"Mama? Haloo? Mama, unanisikia?"

Kimya.

"Mama, unanisikia?"

Juu kilimani Ngiri ameziba mdomo kwa kwato. Kasuku amesahau kwaa. Jua likasogea upana wa jani, likasogea tena. Fuko ameingiza kichwa chote handakini, anaita mpaka sauti imekuwa uzi. Unanisikia? Unanisikia?

Nilipata kuita namna hiyo siku moja, nikiwa juu ya mnara Kasulu, mke wangu yuko wodini anajifungua na mtandao umekata. Niliita mpaka kunguru wakahama. Kwa hiyo msiniulize Fuko alijisikiaje.

Halafu handakini: chu, chu, chu. Chu, chu, chu. Ikatoka pua, imejaa tope. Ikatoka kanga, imelowa. Akatoka Mama Fuko mzima mzima, anahema, amekasirika.

"Unapiga kelele za nini? Nakusikia tangu bondeni! Nitajibu vipi na nimeng'ata kibuyu?"

Kweli, kibuyu kilikuwa kinaning'inia mdomoni. Maji ya bonde yalipanda nyuma yake mpaka nusu ya handaki, yakachoka, yakarudi chini. Akamkabidhi mwanawe kibuyu. Fuko hakuwa na kiu hata kidogo. Akakinywa chote, hakubakiza tone, na katikati ya kunywa akawa analia, na hapo ndipo pekee macho yake yalipowahi kumfaa.

Ah, wanyama walivyoshangilia! Nyani akabweka kwa mara ya kwanza tangu siku ya bure. Pimbi akalia mpaka jabali likajibu. Swala akambusu Ngiri, kisha akajuta. Na tangu siku ile, mwenye neno huinama kwenye shimo la Fuko, akasema lote, mpaka mwisho, na salamu juu.

Tembo akabaki amesimama pembeni, mkonga unaning'inia kama suruali iliyoanikwa.

"Na mimi sasa," akauliza kwa unyonge, "mkonga wangu wote huu niufanyie nini?"

Mama Fuko akaukagua kwa kuupapasa, kutoka ncha hadi juu.

"Si pua hii? Pengea kamasi."

Basi hapo hadithi yangu ikakatika mnara. Laini iko wazi, mwenye yake apige, asiye nayo abipu.

Wachimbaji wakapiga makofi na mabeleshi. Hata simu ikacheka, ikasema, "Hongera mkwe wangu, sasa ngoja nikazime jiko," ikakata yenyewe, na Fundi Shemhilu akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu kwenye wali. Rangi ikamrudia usoni. Akajinyoosha, akainua kidole kimoja juu.

"Sasa funzo lake, ndugu zangu, mlishike. Funzo ni kwamba maneno mengi ni hatari. Mwenye akili husema neno moja tu, linatosha, akasikilizwa. Mimi huko nilikotembea kote, Tunduru, Kasulu, Lubumbashi, sikuwahi kuona mtu aliyeharibikiwa kwa kusema machache. Kwa hiyo mimi nasema, na nitarudia kusema, na kabla hamjainuka niwape na mfano wake..."

Kando ya mtaro alikuwapo Mwajabu, fundi wa kuunga nyuzi za mkongo. Hakuinua macho kutoka kwenye nyuzi zake.

"Basi nyamaza," akasema.